Umeme Hutafuta Njia ya Kurudi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kwa kiongozi wa darasa: Andika maneno haya ubaoni kabla ya kufungua redio. Yasomeni pamoja mara mbili.

VOLTI: kipimo cha nguvu inayousukuma umeme.
AMPEA: kipimo cha wingi wa umeme unaopita.
GANDA LA WAYA: plastiki au mpira unaofunika waya.
TRANSFOMA: chombo kinachopandisha au kushusha volti.
FYUZI: waya mwembamba unaokatika umeme ukizidi.
KUCHOMELEA: kuunga chuma na chuma kwa moto wa umeme.

SOMO

Vuteni viti vyenu karibu na redio, na asiye na kiti apishwe kwenye benchi.

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za umeme unaopiga watu katika karakana: umeme wa magari, na umeme wa mashine za kuchomelea ambazo mafundi wetu hujitengenezea wenyewe. Ukitembea Gikomba mjini Nairobi, au Katwe mjini Kampala, au Gerezani mjini Dar es Salaam, utasikia nyundo na utaona cheche za kuchomelea. Kazi hiyo inalisha nyumba nyingi. Lakini kila fundi anamjua mwenziwe aliyepigwa na umeme, na wengine wanamjua aliyekufa.

Wakati mmoja nilitembelea darasa la jioni. Tulipomaliza kusoma, mwanafunzi mmoja, fundi wa malori, mtu wa makamo, alinyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mimi nimeshika betri za magari kwa mikono mitupu miaka ishirini, nami sijadhurika. Betri ya gari dogo ni volti 12. Ya lori ni volti 24. Mashine yetu ya kuchomelea iliundwa na fundi mwenzetu, akatuambia inatoa volti 60 tu. Lakini mdogo wangu alikufa nayo. Volti 60 zinaweza kumwua mtu?"

Darasa zima lilinyamaza. Nilimpa pole, kisha nikamwomba anieleze ilivyokuwa.

Ilikuwa alasiri, mvua imekwisha kunyesha. Lori lilikuwa limesimama uani. Mdogo wake alijilaza chali chini yake, kifua wazi, mgongo juu ya udongo uliolowa. Alishika chesisi kwa mkono mmoja ili ajivute. Akapiga ukelele mara moja, kisha akakakamaa, mkono ukabaki umeshika chuma. Mwenzake alimvuta mguu, naye akapigwa. Swichi ilikuwa ndani ya duka, nyuma ya magunia. Umeme ulipozimwa, wakamtoa na kummwagia maji wakidhani amezimia. Hakufika hospitali akiwa hai.

"Ndiyo hivyo, Mwalimu," akasema. "Ajali haina kinga."

Ndugu zangu, methali hiyo tunaijua sote. Lakini ajali hii ilikuwa na kinga, tena zaidi ya moja. Somo la leo ni jibu langu kwa ndugu yule, nami nataka nanyi mlisikie.

1. Umeme unavyomdhuru mtu

Kwanza tuelewe jambo moja. Umeme hauendi mahali ukakaa. Hutoka upande mmoja, hupita njiani, na lazima urudi ulikotoka. Njia ikikatika, umeme husimama. Ndiyo maana ndege hutua juu ya waya wa umeme na asidhurike: ameshika waya mmoja tu, na umeme hauoni njia ya kurudi kupitia kwake. Lakini mtu aliyesimama chini ana njia. Umeme wa nyumba zetu umefungwa na ardhi huko kwenye transfoma ya mtaani. Ukishika waya wa moto huku miguu yako imegusa udongo, umeme utaingia mkononi, utapita kifuani, utatoka miguuni na kurudi kwa njia ya ardhi. Wewe umekuwa waya.

Pili, kinachomwua mtu ni wingi wa umeme unaopita mwilini. Wingi huo hupimwa kwa ampea. Ampea moja ni nyingi mno kwa mwili wa mtu, kwa hiyo tunaigawa mara elfu, na kila sehemu tunaiita miliampea. Miliampea 1 utaisikia kama kuchomwa na sindano. Katikati ya karne iliyopita, mhandisi Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California aliwapima watu waliojitolea. Aliona kwamba umeme ukifika wastani wa miliampea 16, mwanamume hawezi tena kuachia waya alioushika. Kwa wanawake wastani ulikuwa miliampea 10 na nusu. Misuli ya mkono hujikunja yenyewe, na mtu hubaki amenaswa. Zikifika miliampea 30, kupumua huwa kwa shida. Zikifika 50 hadi 100 na kupita kifuani, moyo unaweza kuacha kupiga sawasawa na kuanza kutetemeka ovyo. Moyo unaotetemeka hausukumi damu.

Sasa linganisha. Taa ya zamani ya wati 60 hula kama miliampea 250. Umeme unaowasha taa moja tu ya kusomea unatosha kumwua mtu mzima.

Tatu, ngozi yako ni mlango. Ngozi kavu na ngumu huuzuia umeme sana. Ngozi yenye jasho au maji huufungulia. Uzuiaji huo hupimwa kwa omu, kwa jina la Mjerumani Georg Ohm aliyeandika kanuni yake mwaka 1827. Kanuni ni nyepesi: gawanya volti kwa omu, utapata ampea.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Mtu mwenye mikono mikavu anaweza kuwa na omu 20,000. Akishika betri ya volti 12, umeme unaopita ni kama sehemu sita za kumi za miliampea moja. Hata kuusikia hausikii. Hilo ndilo jibu la miaka ishirini ya yule fundi. Sasa mchukue mtu aliyelowa jasho, amelala juu ya udongo wenye maji. Omu zake zimeshuka mpaka 1,000. Akigusa volti 60, zitapita miliampea 60. Akigusa volti 240, zitapita miliampea 240.

Tena kuna tofauti nyingine. Umeme wa betri hwenda upande mmoja tu. Umeme wa nyumbani hwenda na kurudi mara 50 kwa nukta moja, na mashine nyingi za kujitengenezea hutoa umeme wa namna hiyo hiyo. Umeme wa kwenda na kurudi huushtua moyo na kuikamata misuli kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, volti 60 zinaweza kumwua mtu. Lakini nilipozidi kuuliza, niliona kwamba huenda yule kijana hakuuawa na volti 60.

2. Ndani ya mashine ya kuchomelea

Mashine ya kuchomelea ya kawaida ni transfoma. Ndani yake kuna chuma kilichopangwa kwa vipande vyembamba. Juu ya chuma hicho zimezungushwa nyaya mbili. Waya wa kwanza, mwembamba, wenye mizunguko mingi, hupokea umeme wa nyumba, volti 230 au 240. Waya wa pili, mnene, wenye mizunguko michache, hutoa volti 50 hadi 80 na ampea nyingi za kuyeyusha chuma.

Nyaya hizi mbili hazigusani. Umeme wa kwanza huamsha usumaku katika chuma, na usumaku huo huamsha umeme katika waya wa pili. Michael Faraday wa Uingereza alionyesha jambo hilo mwaka 1831. Utengano huo wa nyaya ndio uhai wa fundi. Ukiwepo, umeme wa nguzo haufiki mkononi mwake. Ukivunjika, mshikio wa kuchomelea na chuma kinachochomelewa vinakuwa sawa na waya wa moto.

Ndugu yule aliniambia kwamba baada ya msiba fundi wa umeme aliifungua mashine ile. Aliona mambo manne. Nyaya zilitenganishwa na chuma kwa karatasi tu, nayo imeungua kwa joto. Nyaya za pande zote mbili zilikuwa zimegusa chuma kile kile cha katikati. Waya wa ardhi haukuwepo kabisa. Na waya wa kuingia haukuwa na plagi: ncha zake zilichomekwa uchi ndani ya soketi na kubanwa kwa njiti.

Sasa fuata njia ya umeme, hatua kwa hatua. Umeme wa volti 240 uliingia katika waya mwembamba. Ukapita penye karatasi iliyoungua, ukaingia katika chuma cha katikati. Kutoka hapo ukaingia katika waya mnene, ukafuata kebo mpaka kwenye kibanio kilichofungwa katika chesisi. Lori zima likawa na umeme. Lakini lori limesimama juu ya matairi ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Basi lori likatulia kimya, haliwaki, halitoi moshi, linangoja. Kijana akalala juu ya udongo uliolowa na kushika chesisi. Hapo umeme ukapata njia.

Utauliza, je, fyuzi haikukatika? Haikukatika. Fyuzi ya plagi ya kawaida huvumilia ampea 13. Kijana yule alipitisha kama robo ya ampea. Fyuzi huokoa nyaya na nyumba zisiungue. Haikuwekwa kwa ajili ya mwili wako.

Kuna mashine nyingine mbili za kujitengenezea ambazo nawasihi msiziguse. Ya kwanza ni ile ya ndoo ya maji ya chumvi, ambayo umeme wa nguzo hupitishwa majini ili upungue. Maji hayo hayatenganishi kitu. Mshikio ulio mkononi mwako una umeme wa nguzo wenyewe. Ya pili ni ile ya transfoma yenye waya mmoja tu uliotolewa tawi katikati. Hiyo nayo haina utengano. Inaweza kuchomelea vizuri mwaka mzima na kukuua siku ya kwanza ya mvua.

3. Gari nalo lina yake

Msije mkadhani kwamba volti 12 hazina hila. Betri ya gari haikupigi, lakini inaweza kukuunguza. Spana ikigusa nguzo ya kujumlisha na bodi ya gari kwa wakati mmoja, ampea mamia hupita humo. Ikiwa pete au saa ya chuma imo njiani, hugeuka nyekundu kidoleni. Vua pete kabla ya kazi. Ukitaka kufungua betri, anza na waya wa kutoa, yaani ule uliofungwa katika bodi. Ukirudisha, ufunge mwisho.

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka kwa cheche moja. Betri ikipasuka hurusha tindikali machoni. Usivute sigara hapo. Unapounganisha betri mbili ili kuwasha gari, kibanio cha mwisho ukifunge kwenye chuma cha injini, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi. Na kabla ya kuchomelea gari lolote, fungua nyaya za betri yake.

Koili ya gari la petroli huchukua volti 12 na kuzipandisha zaidi ya 20,000 ili plagi zitoe cheche. Umeme wake ni mchache na wa muda mfupi mno, kwa hiyo mara nyingi hauui. Lakini hukurusha, na mkono unaoruka unaweza kuingia katika feni inayozunguka. Mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani asisogee hapo kabisa.

Siku hizi yapo magari ya mseto, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Mengi huja kwetu yakiwa yametumika Japani. Betri yake kubwa inaweza kuwa na volti zaidi ya 200. Nyaya zake hufunikwa kwa ganda la rangi ya machungwa ili kila mtu azitambue. Fundi asiyefundishwa kazi hiyo asikate waya wa rangi ya machungwa wala kuufungua, hata kama gari limezimwa.

Tena kuna taa ya mkononi na drili. Waya wake hukanyagwa, huburutwa, hulowa mafuta, na ganda lake hupasuka. Unapolala chini ya gari, tumia taa ya betri. Waya uliopasuka usiufunge kwa kitambaa. Ubadilishe.

4. Kinga za karakana

Sikilizeni sasa, na kiongozi wa darasa aandike ubaoni.

Kwanza, kila mashine ya chuma iwe na waya wa ardhi. Waya huo huwa njia fupi ya umeme unaovuja, fyuzi ikakatika, nawe ukapona. Tambua rangi. Waya wa moto zamani ulikuwa mwekundu, sasa ni wa kahawia. Wa kurudi zamani ulikuwa mweusi, sasa ni wa buluu. Wa ardhi zamani ulikuwa wa kijani, sasa ni wa kijani na njano. Lakini rangi usiiamini peke yake, maana huenda aliyefunga kabla yako alikosea. Pima kwa testa.

Pili, weka kifaa kinachokata umeme unapovuja. Dalziel, yule niliyemtaja, alibuni kifaa cha namna hiyo mwaka 1961. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukipungua njiani, maana yake unapita mahali pasipostahili, labda katika mwili wa mtu, na kifaa hukata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nunua cha miliampea 30. Kina kitufe cha kujaribia, nacho kibonyezwe kila mwezi.

Tatu, kaa pakavu. Vaa viatu vya mpira visivyotoboka, wala si kandambili. Vaa glavu kavu za ngozi unapobadilisha elektrodi. Ukilazimika kulala chini, tandika ubao mkavu. Mvua ikinyesha, kazi isimame. Mteja akikuharakisha, mwambie lori lake litapona kesho.

Nne, swichi iwe mahali ambapo kila mtu anaiona na kuifikia, hata mtoto wa duka. Isifichwe nyuma ya magunia.

Tano, mashine ikikutekenya hata kidogo, zima. Mafundi wengi hucheka na kusema, "Inauma kidogo tu leo." Ndugu yangu, hapo mashine imekuambia kwamba ganda limepasuka mahali. Haitakuambia mara nyingi.

5. Mtu akipigwa na umeme

Usimguse. Mkimbilie swichi, si mtu. Kama swichi haipatikani, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Ikiwa ni waya wa nguzo kubwa ulioanguka, kaa mbali kabisa na uwaite wenye shirika la umeme.

Umeme ukishakatika, mtikise na kumwita. Tazama kama anapumua. Usimmwagie maji, usimfukie mchanga, usimnyweshe maziwa. Mtume mtu mmoja akatafute gari la hospitali. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, na kiganja cha pili juu yake. Nyosha mikono, ukandamize kwa nguvu, kifua kishuke sentimeta 5 hadi 6, kisha uache kiinuke. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa kumpulizia pumzi, kila baada ya mara 30 mpulizie mara mbili. Kama hukufundishwa, endelea kukandamiza tu. Ukichoka, mwenzako ashike. Msiache mpaka apumue au mganga afike.

Njia hii ina historia inayotuhusu. William Kouwenhoven alikuwa mhandisi wa umeme wa Marekani, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi umeme unavyowaua mafundi wa nguzo. Mwaka 1960 yeye na wenzake wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, walitangaza kwamba moyo uliosimama unaweza kusaidiwa kwa kukandamiza kifua kwa mikono mitupu. Leo hufundishwa dunia nzima.

Na aliyepona naye apelekwe hospitali, hata akisema hajambo. Umeme huunguza ndani palipo salama kwa nje, na moyo unaweza kukorogeka baadaye.

6. Jibu langu

Nilimweleza ndugu yule mambo haya yote. Alinisikiliza, kisha akahesabu kwa vidole vyake. Waya wa ardhi, moja. Kifaa cha kukata umeme, mbili. Ubao mkavu, tatu. Swichi ya karibu, nne. Mikono ya kukandamiza kifua, tano. Akatazama vidole vile kwa muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, hatukuwa na hata kimoja."

Kisha akaniomba kipande cha karatasi. Alikuwa amejifunza kuandika kwa miezi minne tu. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, maneno ya kubandika juu ya mashine mpya: ZIMA KWANZA. SHIKA BAADAYE.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini lori lililokuwa na umeme halikuonyesha dalili yoyote?
2. Kwa nini fyuzi haikukatika?
3. Mtu ana omu 2,000. Akigusa volti 240, zitapita miliampea ngapi?
4. Umemwona mwenzako amenaswa na umeme. Utafanya nini kwanza?

KAZI YA NYUMBANI

Nenda katika karakana, duka au nyumba yako. Tafuta swichi kuu ilipo. Andika kwa sentensi moja mahali ilipo, umsomee kila mtu wa nyumbani au wa kazini. Wiki ijayo uilete sentensi hiyo darasani.

Jibu la swali la tatu ni miliampea 120. Aliyekosa asione haya, arudie hesabu.

Kwa herini, ndugu zangu. Tahadhari kabla ya hatari.